Meli Kubwa Ikifika Bandarini, Nani Anakula?



Leo nawaandikia juu ya meli za kitalii. Najua mtashangaa. Agronoma wa Nyangwe, kando ya Lualaba, mbali na bahari zote mbili, ana habari gani na meli za kitalii? Ngojeni niwaeleze ilivyoanza.

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alinionyesha video kwenye telefone yake. Ni meli kubwa nyeupe inaingia bandari ya Mombasa. Ngoma zinapigwa, akina mama wanacheza gatini, wazungu wanashuka na kofia zao, mabasi yamepangwa mstari. Akaniambia: "Yaya, ona. Watu elfu mbili kwa siku moja! Na sisi tuko na mto, tuko na historia. Mimi nitauzisha nusu ya shamba la papa pale kando ya maji, nipate saruji, nijenge oteli kwenye nusu ingine. Siku watalii watakuja, watanikuta niko tayari."

Shamba lenyewe ni hekta moja na nusu ya mpunga. Marehemu baba mdogo aliliacha. Mama mdogo anaishi nalo, na masomo ya watoto wawili wa mwisho yanatoka mlemle.

Mama mdogo alikuwa pembeni anapepeta mchele. Hakuangalia video. Aliuliza neno moja tu: "Hao wageni, wanalala?"

Kijana akajibu: "Hapana, mama. Jioni wanarudi melini."

Mama akaendelea kupepeta. Mimi nikakosa la kusema, kwa sababu swali lake lilikuwa zuri kuliko yale niliyokuwa nataka kuuliza. Tangu siku ile nimesoma, nimepiga hesabu, na nimeona kwamba habari yote ya biashara hii iko ndani ya swali lile. Njo maana ninaandika.

TUANZE NA MELI YENYEWE

Meli ya kitalii siyo meli ya kusafirisha watu kutoka hapa kwenda kule. Ni oteli inayotembea. Mtu analipa tiketi moja, na ndani yake mna kitanda, chakula, muziki, hata bwawa la kuogelea. Analala usiku meli ikitembea, anaamka asubuhi yuko mji mwingine. Anashuka saa sita, saba au nane, anarudi, anakula, analala. Kesho mji mwingine tena.

Biashara hii imekua sana. Mwaka 2019, kabla ya Covid, abiria wa meli hizi duniani walikaribia milioni 30. Mwaka 2020 zilisimama karibu zote. Mtakumbuka ile Diamond Princess iliyofungiwa Yokohama, Japani, na watu zaidi ya 3,700 ndani, na zaidi ya 700 wakaambukizwa. Wengi walisema biashara imekufa. Lakini mwaka 2023 abiria walipita milioni 31. Januari 2024 meli iitwayo Icon of the Seas ilianza kazi kutoka Miami. Ikijaa inabeba abiria 7,600, na wafanyakazi zaidi ya 2,000 juu yake. Huo ni mji mzima unaelea.

Kampuni kubwa za kazi hii ni chache. Ofisi zao ziko Miami, lakini kwenye karatasi Royal Caribbean imeandikishwa Liberia, Norwegian Bermuda, na Carnival kwa miaka mingi iliandikishwa Panama. Si bure. Wanatafuta kodi ndogo na sheria nyepesi za kazi. Kwa hiyo tangu mwanzo mjue: pesa ya tiketi haiingii katika mji ambao meli inatembelea. Inalipwa mbali, miezi mingi kabla meli haijafika.

Kinachobaki kwa mji ni nini basi? Kwanza, ada za bandari: kuongozwa kuingia, kufunga gatini, maji, takataka. Pili, zile pesa ambazo abiria anatoa mfukoni katika saa zake chache. Tatu, kama mji una bahati au una akili, chakula na mafuta ambayo meli inanunua. Tutayaona moja moja. Lakini kwanza nirudi kidogo kwenye mto wetu.

SOMO LA BALENYERI

Nilipokuwa mwanafunzi Kindu, nilipanda balenyeri kushuka kuelekea Ubundu. Wenye kuijua safari ile wanajua. Kila kijiji ambapo chombo kinasimama, mitumbwi inakuja mbio: ndizi, chikwange, samaki wa moshi, bido za mawese. Chombo kinasimama nusu saa, pengine chini ya hapo.

Niliangalia jambo moja. Dakika za kwanza, mama anasema bei yake na anashikilia. Mota ikianza kunguruma, bei inaanguka. Samaki aliyekuwa na bei fulani anauzwa nusu, kwa sababu mama anajua chombo kikiondoka, samaki atabaki naye mpaka aoze. Abiria naye anajua kwamba mama anajua. Yule anayeweza kuondoka, yeye ndiye mwenye kupanga bei.

Jambo la pili: kapiteni alikuwa na mama mmoja katika kila kijiji ambaye alimletea mzigo mkubwa wa chikwange kwa bei waliyokwisha kupatana. Mama yule hakukimbia na mtumbwi. Alikaa chini ya mti, akangoja, akahesabu franka zake, akaenda nyumbani. Alijua siku ya chombo, alijua hesabu inayotakiwa, na alikuwa na bidhaa tayari.

Na jambo la tatu: kule tulikoanzia, Kindu, watu walikuwa wamelala siku mbili tatu wakingoja safari. Walikula, walilipa vyumba, walinunua magodoro na unga wa njiani. Mji wa kuanzia ulikula kuliko vijiji vyote vya njiani.

Sasa chukueni mambo haya matatu, muyapeleke baharini. Hayabadiliki hata kidogo. Wataalamu wa bandari wanatofautisha bandari ya makao, ambapo meli inaanzia na kumalizia safari, na bandari ya kupitia, ambapo inasimama saa chache. Katika bandari ya makao abiria wanafika kwa ndege, wanalala oteli, na meli inajaza maghala yake ya chakula. Katika bandari ya kupitia abiria wameshashiba kabla ya kushuka, na chakula cha jioni kimeshalipwa, kinawangoja melini.

Ile video ya mdogo wangu ilikuwa ya bandari ya kupitia.

MOMBASA: MLANGO UNAOFUNGULIWA NA KUFUNGWA

Mombasa si mji mgeni kwa vyombo. Fort Jesus, ile ngome ya Wareno, ilianza kujengwa mwaka 1593, na tangu mwaka 2011 iko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Meli za kitalii nazo zilikuwa zikija zamani. Katika miaka ya 1990 kulikuwa hata na meli ndogo, Royal Star, iliyofanya makao yake palepale.

Kisha mlango ukafungwa. Mnamo Novemba 2005 meli ya kitalii Seabourn Spirit, ikitoka Alexandria na kuelekea Mombasa, ilishambuliwa na maharamia karibu na pwani ya Somalia. Ilikimbilia Shelisheli, Mombasa haikuiona. Aprili 2009 ikawa zamu ya MSC Melody, nayo ilishambuliwa kaskazini mwa Shelisheli. Baada ya hapo kampuni nyingi zilikwepa maji haya. Mwongoza watalii wa Mombasa, mchonga vinyago, dereva wa basi, hawakufanya kosa lolote. Jambo lilitokea mamia ya kilomita kutoka mlangoni kwao, na mkate ukakatika.

Sisi wa Kasongo na Kabambare hatuhitaji kuelezwa sana hapo. Tunajua njia ikifungwa kinatokea nini sokoni.

Uharamia ulipopungua, Mamlaka ya Bandari ya Kenya iligeuza ghala la zamani kuwa jengo la kisasa la kupokea abiria, kwa msaada wa TradeMark East Africa. Meli zikarudi. Mwanzo wa 2024 ilifika Norwegian Dawn, meli ya abiria zaidi ya 2,000 na wafanyakazi wapata 1,000. Hizo ndizo ngoma na mabasi tuliyoyaona.

Lakini angalieni tena jinsi mlango huu ulivyo mwepesi kufungwa. Februari mwaka uleule, meli ileile ilikatazwa kuingia Mauritius kwa hofu ya kipindupindu, kwa kuwa abiria kadhaa walikuwa wanaumwa tumbo. Baadaye ilionekana siyo kipindupindu, ikaruhusiwa. Lakini siku ya kwanza imekwisha kupotea, na aliyekuwa amepika, amekwisha kupika. Na tangu mwisho wa 2023, mashambulio katika Bahari ya Shamu yalifanya kampuni nyingi zipange njia upya. Mji wa kupitia hauulizwi. Unaambiwa.

NANI ANAUZA SAFARI YA SAA SITA?

Abiria akishuka Mombasa anataka kuona kitu. Anaweza kwenda Fort Jesus na Mji wa Kale, anaweza kwenda Shimba Hills, au akaamka mapema kwenda mbuga ya Tsavo Mashariki, ambayo lango lake la karibu liko kama kilomita 100 hivi. Swali ni hili: ananunua safari hiyo kwa nani?

Wengi wananunua ndani ya meli. Kampuni inauza matembezi kwa bei yake, halafu inamlipa wakala wa mjini sehemu tu. Wakala naye anamlipa dereva. Dereva anamlipa kijana anayeosha gari. Pesa inashuka ngazi, na kila ngazi inapungua.

Kwa nini abiria hatoki tu bandarini akachukua dereva mwenyewe kwa bei nafuu? Kwa sababu anaogopa saa. Akichelewa akiwa katika matembezi ya kampuni, meli inamngoja. Akichelewa kwa matembezi yake mwenyewe, shauri yake. Na si vitisho tu. Machi 2024, Norwegian Dawn hiyohiyo iliwaacha abiria wanane katika kisiwa cha São Tomé. Walikuwa katika matembezi binafsi, wakachelewa kurudi, na meli ikaenda bila wao. Ikabidi waikimbilie nchi kwa nchi. Habari ile ilizunguka dunia nzima, na naamini kila aliyeisoma, safari iliyofuata alinunua matembezi ya kampuni.

Mnaona? Ni ile mota ya balenyeri inanguruma tena. Saa iko mkononi mwa mwenye chombo, na mwenye saa ndiye mwenye bei.

Kuna wenye kujipanga hata hivyo. Pale Changamwe, Mombasa, kuna koperative ya wachongaji Wakamba, Akamba Handicraft, iliyoanza mwaka 1963. Wachongaji wanakaa pamoja, wanachonga pamoja, na wana duka lao wenyewe. Mgeni anaona mti unavyogeuka kuwa twiga, kisha ananunua palepale. Hakuna kumkimbiza mgeni barabarani, hakuna watu kumi kugombania mkono mmoja mpaka bei inakufa. Wale ni sawa na yule mama wa chini ya mti. Na meli isipokuja, wana wanunuzi wengine, wa mjini na wa nchi za nje. Hilo ni muhimu sana, nitalirudia.

SASA TUFIKE SHAMBANI

Ninyi mnanijua, siwezi kuandika bila kufika shambani.

Tuchukue meli yenye watu 3,300, abiria pamoja na wafanyakazi. Wakila mara tatu kwa siku, hiyo ni karibu sahani 10,000 kila siku. Mtu akisikia hivyo anafikiri: tukiilisha meli moja tu tutatajirika wote!

Tupige hesabu ya mchele. Tuseme kila mtu anakula gramu 100 za mchele kwa siku. Watu 3,300 ni kilo 330. Kwa siku kumi ni kilo 3,300, yaani tani tatu na kitu. Ili upate mchele huo unahitaji mpunga tani tano hivi, kwa sababu kinuni tunapoteza kama theluthi moja kwa maganda na pumba. Shamba la mvua, bila mbolea, likitoa tani moja kwa hekta, ni hekta tano.

Hekta tano! Nyangwe peke yake ina zaidi ya hapo. Kwa hiyo wingi si tatizo letu, wala si tatizo la wakulima wa Pwani ya Kenya au Zanzibar. Tatizo liko pengine.

Mpishi wa meli haendi sokoni asubuhi na kikapu. Ananunua kwa mkataba, miezi kabla. Anataka mchele wa aina moja, usio na mawe, wenye unyevu uleule, katika magunia ya kilo zilezile, wenye karatasi za usafi, uliofika gatini tarehe fulani saa fulani. Nyanya anataka za ukubwa mmoja, zimetoka kwenye baridi, zikaingia kwenye baridi. Akikosa kimoja kati ya hivyo, anajaza meli yake katika bandari ya makao, Durban au Cape Town au Barcelona, na huko Mombasa anapita tu.

Zanzibar inatuonyesha jambo hilohilo hata kwa oteli za nchi kavu. Mwaka 2023 visiwa vile vilipokea watalii zaidi ya 600,000, wengi wao kwa ndege. Hawa wanalala! Lakini sehemu kubwa ya viazi, vitunguu na nyanya wanazokula inavuka bahari kutoka Tanzania bara. Si kwamba mkulima wa Unguja ni mvivu. Oteli inataka kilo mia mbili kila Jumanne na kila Ijumaa, mwaka mzima, mvua au jua. Mkulima mmoja mwenye robo hekta hawezi kuahidi hivyo peke yake. Bila umwagiliaji, bila mahali pa kuhifadhi, bila koperative ya kukusanya, mgeni anakuja na chakula kinakuja nyuma yake.

Ila Zanzibar imevumbua jambo moja ambalo mimi kama agronoma nalipenda sana: matembezi ya mashamba ya viungo. Meli ikitia nanga mbele ya Mji Mkongwe, abiria wengine wanapelekwa sehemu za Kizimbani. Pale mkulima anavunja jani la mdalasini, anawapa wanuse. Anafungua tunda la kungumanga, linaonekana lile wavu jekundu ndani. Anaeleza karafuu inavyochumwa na kuanikwa. Mgeni ananunua pakiti ndogo za viungo. Mkulima hapo hauzi kilo, anauza ujuzi wake, na shamba linabaki shamba. Meli isipokuja, karafuu bado ni karafuu, bado ina soko.

Ona tofauti na mpango wa mdogo wangu. Yeye anataka kuua shamba ili amngoje mgeni. Kule shamba lenyewe ndilo linalomvuta mgeni.

WALIOFANIKIWA SANA, MPAKA WAKACHOKA

Mtu ataniambia: hayo ni ya miji ya kupitia, ya maskini. Vipi wale wenye bandari za makao? Tuende Ulaya kidogo, kwenye Bahari ya Kati, ambako biashara hii imekomaa.

Barcelona, Hispania, ilifungua ufukwe wake kwa dunia wakati wa Michezo ya Olimpiki ya 1992. Tangu hapo meli ziliongezeka mpaka bandari ikawa na vituo saba vya abiria, na mwaka 2023 walipita watu zaidi ya milioni 3.5. Zaidi ya nusu wanaanzia au kumalizia safari pale, yaani ni bandari ya makao hasa. Wanalala, wanakula, meli zinanunua. Kwa maneno ya mama mdogo, jibu ni ndiyo.

Na bado wakaaji wamechoka. Nyumba zimegeuzwa vyumba vya watalii, kodi ya nyumba imepanda, moshi wa meli unaingia madirishani. Julai 2024 watu waliandamana dhidi ya utalii wa kupita kiasi, wengine wakawarushia watalii maji kwa bastola za plastiki. Mwaka 2025 mji na bandari walipatana kupunguza vituo kutoka saba hadi vitano ifikapo 2030. Sikiliza vizuri: kupunguza, si kuongeza.

Venice, Italia, tarehe 2 Juni 2019 meli MSC Opera ilishindwa kusimama, ikagonga gati na boti ndogo ya watalii, watu wakaumia. Tangu tarehe 1 Agosti 2021 meli zenye ujazo wa zaidi ya tani 25,000 hazipiti tena katika mfereji wa Giudecca, mbele ya mji wa kale. Dubrovnik, huko Kroatia, ndani ya kuta zake za kale hawakai hata watu elfu mbili, lakini meli mbili tatu zilikuwa zinamwaga maelfu kwa asubuhi moja. Wakaweka kikomo: meli mbili kwa wakati mmoja, na abiria wasiopita 4,000. Ugiriki nayo tangu 2025 inatoza kila abiria wa meli anayeshuka Santorini au Mykonos, mpaka euro 20 wakati wa kiangazi.

Miji hii yote ilipokea kwanza, ikaweka masharti baadaye, baada ya miaka ishirini au thelathini. Na kuweka masharti baadaye ni vigumu, kwa sababu kila mwenye kibanda, kila dereva, kila wakala amekwisha kupanga maisha yake juu ya meli. Anayetaka kupunguza anaonekana adui wa mkate.

Bahati moja tuliyo nayo sisi ambao bado hatujaanza ni kwamba tunaweza kuweka masharti kwanza.

NA NYANGWE JE?

Sitaki mtu aseme agronoma amekataa utalii. Hapana. Nyangwe ina jina. Livingstone alifika hapa mwaka 1871, na tarehe 15 Julai aliona wafanyabiashara wenye bunduki wakiua mamia ya watu sokoni, wengi wao akina mama waliokuja kuuza. Cameron alipita, Stanley alipita mwaka 1876 pamoja na Tippu Tip. Kasongo ilikuwa mji mkubwa wa Waswahili. Mtoto wa Maniema anapaswa kulijua hilo kabla ya mtalii yeyote, na siku amani na barabara vikipatikana, watu watakuja kuona na kukumbuka. Watakuja wachache, kwa mtumbwi wa mota au pikipiki, siyo elfu mbili kwa mpigo.

Nimesema ile ya 1871 kwa sababu moja. Mto ule ulituletea zamani wageni waliokuja, wakachukua, wakaenda. Tusijenge tena, kwa mikono yetu wenyewe, soko ambalo mgeni ndiye anapanga kila kitu.

Kwa hiyo yeyote akituletea projeti ya utalii, awe Leta, awe shirika, awe mwenzetu wa lisansi mwenye karatasi nzuri, tumuulize maswali matano:

1. Wageni wanalala? Kama hawalali, wanabaki saa ngapi?
2. Nani anauza safari, na kati ya dola kumi mgeni anazolipa, ngapi zinafika hapa?
3. Watakula nini, na kimetoka shamba gani?
4. Wasipokuja mwaka mzima, sisi tutakula nini?
5. Kikomo ni watu wangapi, na nani mwenye haki ya kusema imetosha?

Swali la nne ndilo linaloshinda yote. Mombasa ilikaa miaka na meli za kuhesabu. Waliopona ni wale ambao mgeni alikuwa nyongeza juu ya kazi yao. Aliyekuwa hana kingine alifunga duka.

Na kama kuna la kujenga sasa, tuanze na lile linalotufaa hata bila mgeni: sakafu ya kuanikia mpunga, ghala lisilovuja, mizani ya haki, na koperative ambayo mama wa soko hawezi kulazimishwa bei kwa sababu chombo kinataka kuondoka. Mchele mkavu unangoja. Mwenye kitu kinachoweza kungoja, naye anaweza kusema hapana. Vitu hivyo vitaulisha mji leo, na siku oteli ikija, vitailisha oteli.

MDOGO WANGU

Jumapili nilimsomea yote haya, pamoja na hesabu ya hekta tano. Hakufurahi. Aliniambia: "Yaya, wewe una lisansi tangu miaka minne, na bado unapima mchele sokoni. Mimi nisubiri nini?"

Ni neno zito na sikuwa na jibu la kumnyamazisha. Vijana hawaoti meli kwa ujinga. Wanaota kwa sababu hakuna kitu kingine kinachosogea mbele ya macho yao. Tukiwavunja ndoto bila kuwapa kazi, tunawaonea.

Tulikubaliana hivi: shamba haliuzwi msimu huu. Atalima nusu hekta kwa mstari, na mbegu safi, mimi nikiwa naye, na tutapima kila gunia tulinganishe na sehemu ya mama. Kandokando ya nyumba ya baba mdogo kuna chumba kimoja kitupu. Atakisafisha, atie kitanda na chandarua. Wafanyabiashara wa Kibombo na Kasongo wanaolala sokoni chini ya maturubai watalipa kulala pale. Hao ni wageni ambao tayari wako, na wanalala.

Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza: "Na chumba hicho, atakifagia nani?"

Kijana akasema yeye mwenyewe. Tutaona.